Begi la siku tatu: kufungiwa kwa 2020 kulikukuta kwa nani?

#1 fundi_ghorofani (mleta uzi)

Wakuu, salaam.

Juzi nilikuwa napekua begi langu dogo la mgongoni, mfuko wa pembeni nikakuta tikiti ya basi. Mombasa kwenda Nairobi, Jumanne 7 Aprili 2020, saa mbili asubuhi. Haijatumika. Nikakaa chini nikacheka peke yangu, kisha nikasema hili niwaletee.

Mimi ni fundi wa simu, kibanda changu kiko Luthuli, Nairobi, ghorofani. Kwetu Mombasa, Mji wa Kale. Dada yangu alikuwa aolewe Jumamosi ya 4 Aprili. Tarehe iliwekwa mapema, makusudi iangukie Shaabani, mnajua pwani kabla ya Ramadhani ni harusi juu ya harusi. Ukumbi umelipiwa arubuni, degi tatu za pilau zimekodishwa, na khale yetu, ndugu wa mama, wa Muscat ameshanunua vitambaa vya bi harusi, sanduku zima.

Tarehe 13 Machi kikatangazwa kisa cha kwanza cha korona Kenya. Tarehe 15 tukaambiwa shule zinafungwa. Tarehe 25 ndege za abiria kutoka nje zikasimama, khale akabaki Muscat na sanduku lake. Tarehe 27 kafyu ikaanza, saa moja jioni hadi saa kumi na moja alfajiri. Harusi ya watu mia nne ikawa nikaha ya watu tisa, sebuleni, madirisha wazi. Kupamba hakuna, kesha hakuna. Wanawake waliobaki makwao walitazama kwenye simu yangu, niliyoiegemeza kwenye birika la kahawa, na kila mtandao ukikwama mamangu anapiga kigelegele mara ya pili ili "wasikose."

Mimi nilishuka Alhamisi na begi la siku tatu: kanzu moja, suruali mbili, chaja, mswaki. Mke na mtoto niliwaacha Eastleigh, Nairobi, kwa sababu mabasi yalikuwa yanapakia nusu na nauli imepanda.

Jumatatu ya 6 Aprili Rais Uhuru Kenyatta akatoa tangazo. Nairobi hakuingiliki wala hakutokeki kuanzia saa moja jioni hiyo hiyo, kwa siku 21. Kilifi, Kwale na Mombasa zinafuata Jumatano. Mombasa hadi Nairobi kwa basi ni saa nane, tisa. Hata ningepaa nisingewahi. Nikapiga simu kule nilikokata tikiti, wakanijibu kwa upole kwamba tikiti yangu "haijafa," nitaitumia njia zikifunguliwa. Naona hata leo haijafa, ninayo hapa.

Siku 21 zikaongezwa, zikaongezwa tena. Nilitoka Mombasa Julai.

Sasa swali la uzi: wewe lilikukuta kwa nani? Si lazima uwe ulikwama safarini. Hata kama ulikuwa kwako, ulifungiwa na nani, na mlikuwa mmepanga nini wiki ile?

#2 MamaWaTatu

Mimi nilikuwa kwangu, Kayole, chumba kimoja na watoto watatu. Kazi yangu wakati ule ilikuwa mama fua, nazungukia nyumba tano kwa wiki. Ndani ya wiki moja zote tano zikaniambia "tutakupigia." Siwalaumu, kila mtu aliogopa mtu wa kutoka nje. Lakini watoto wangu hawakujua hayo. Shuleni walikuwa wanakula saa saba, sasa saa saba wananitazama mimi. Pakiti ya unga ya kilo mbili niliyokuwa nakaa nayo siku tatu ikawa haimalizi siku na nusu.

Mipango? Binti yangu alikuwa darasa la nane. Mwaka ule ndio wa mtihani. Tulikuwa tunasikiliza masomo redioni, mwalimu anasema "chora pembetatu" na mdogo wake anapiga kelele za katuni. Jirani alikuwa na televisheni yenye ile chaneli ya masomo, akawa anawaita watoto wa ploti wote, halafu akaacha kwa sababu ya msongamano. Kumbe msongamano wenyewe ndio tulikuwa tunaukimbia.

Mwezi Julai wakasema mwaka wa masomo umefutwa, mitihani ni 2021. Binti alirudi darasani Oktoba, darasa lile lile la nane, na sketi ya Januari imepanda hadi magotini. Nilishusha upindo mpaka nguo ikaisha. KCPE, mtihani wenyewe, akafanya Machi 2021.

Mleta uzi, hizo siku zote mke wako alikula nini? Hilo ndilo nasubiri.

#3 fundi_ghorofani

@MamaWaTatu swali la haki, nalijia. Lakini kwanza niwape habari ya mtu aliyekwama vibaya kuniliko.

Bwana harusi.

Shemeji yangu ni wa Malindi. Kwetu bwana harusi hukaa fungate nyumbani kwa kina bi harusi, siku saba, kisha anamchukua mkewe wanakwenda zao. Aliingia Jumamosi na mkoba wa fungate: vikoi viwili, kanzu na chupa ya udi. Jumatano Mombasa imefungwa, Kilifi imefungwa. Malindi iko Kilifi.

Hesabuni wenyewe, 4 Aprili hadi 7 Julai. Fungate ya siku 94.

Wa pwani mnaelewa uzito wake. Siku saba bwana harusi ni mfalme, anatengewa sinia yake, hatoki chumbani ovyo, na mkwe wake wa kike hamtazami usoni. Siku ya nane kuna mtu mzima amekaa chumba cha juu na hajui kama ashuke au asishuke. Mamangu naye hajui kama aendelee kupeleka sinia. Kahawa ya asubuhi akawa anaifuata mlangoni akinyemelea kama mwizi. Siku ya kumi na mbili tulikutana ngazini saa tisa usiku, wote wawili tunakwenda kuiba mahamri yaliyobaki. Tulitazamana. Akaniambia, "Shemeji, usiseme." Sikusema mpaka leo.

#4 Mgosi_wa_Tanga

Hahaha fungate ya miezi mitatu! Huyo shemeji apewe medali.

Sisi Tanzania hatukufungiwa ndani. Shule na vyuo vilifungwa Machi, vyuo na kidato cha sita wakarudi 1 Juni, wengine mwisho wa mwezi. Ilikuwa nyungu tu, kujifukiza, na malimao, mwarobaini wa jirani ukabaki kijiti. Nyie mlikuwa mnatuonea huruma na sisi tunawaonea huruma.

#5 Mzushi_Mkuu

Mleta uzi unapiga chumvi. Miezi mitatu? Watu walikuwa wanapita. Kulikuwa na malori, kulikuwa na njia za panya, mwenye nia alifika Nairobi. Sema ulinogewa na mapishi ya mama.

#6 fundi_ghorofani

@Mzushi_Mkuu walikuwepo, sikatai. Mimi mwenyewe niliambiwa nafasi ipo, nijilaze nyuma ya magunia ya nazi, nilipe mara tatu ya nauli. Na waliokamatwa walipelekwa karantini siku 14, halafu wanadaiwa pesa ya kulala huko. Kibanda kimefungwa, pesa sina, nikadaiwe kitanda ambacho sikukiomba? Na nyumbani kuna bibi wa miaka themanini na ushee, Eastleigh kuna mtoto wa miaka miwili. Nikitoka na kitu mwilini nampelekea nani?

Kuhusu mapishi, hapo umenipata kidogo.

Bibi yangu ni mtu wa methali. Siku ya kwanza nilipokwama alinipokea vizuri. Siku ya pili vile vile. Ya tatu akaniita jikoni: "Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Jembe lako ni lile pale." Akanionyesha mbuzi. Si wa kuchinjwa, mbuzi wa nazi.

Nilidhani najua kukuna nazi. Nimezaliwa Mombasa, nani asiyejua? Nikakaa, nikaminya kifuu kwenye meno ya mbuzi, nikaanza kwa fujo. Bibi yuko chumba cha pili, ametupa tasbihi kando, haoni vizuri, lakini anasikia. Nazi nyeupe ikikunwa ina sauti laini, kama mtu anafagia mchanga. Ukifika karibu na kifuu sauti inabadilika, inakwaruza. Mimi sikuijua tofauti. Yeye kutoka kule: "Simama! Umekwisha kufika kifuu. Unataka tui jekundu?" Natazama ndani ya sinia, kweli, vumbi la kahawia limeanza kuingia kwenye machicha. Geuza. Kuna. "Simama!" Wiki mbili nilikuwa namsikia usingizini.

Nazi mbili kwa siku wakati wa kawaida. Ramadhani ilipoingia mwisho wa Aprili zikawa nne: mbaazi, muhogo, samaki wa kupaka, na tambi. Kiganja cha kulia kiliota sugu, fundi mzima wa simu. Niliporudi kazini bisibisi ndogo ilikuwa inanichenga.

#7 binti_kivukoni

Nimecheka kwa "unataka tui jekundu," bibi zetu ni wamoja.

Mimi Likoni. Siku ile ya kwanza ya kafyu, 27 Machi, nilikuwa kwenye foleni ya feri upande wa kisiwani. Umati wote wa kazini tunataka kuvuka kabla ya saa moja, na feri mnajua si basi, huwezi kuiamuru iende mbio. Tukawa tunapangwa tukae mbali mbali, watu wamelundikana. Mara virungu, mara moshi wa kutoa machozi. Nilivuka bila kiatu kimoja. Nilipofika nyumbani saa mbili usiku mume wangu hakuuliza kiatu, aliuliza simu ya nani ile inayolia kwenye mkoba wangu. Ilikuwa ya mama mmoja niliyemshika mkono kwenye purukushani. Tulimrudishia baada ya siku nne, na mpaka leo ananiita mwanangu.

Mipango yangu ilikuwa kuanza kuuza viazi karai jioni, Ramadhani. Karai nilishanunua, kubwa, la shilingi nyingi. Nani anunue viazi, na watu wanafuturu kama saa kumi na mbili na nusu na saa moja uwe ndani? Nusu saa ya biashara. Karai lile tuliogea watoto.

#8 fundi_ghorofani

@binti_kivukoni nusu saa ile! Kwetu barazani wazee walikuwa wanaisubiri. Misikiti imefungwa, tarawehe kila mtu nyumbani kwake, baraza hairuhusiwi. Basi wanafuturu mbio mbio, wanatoka kila mmoja anasimama kwenye kizingiti cha mlango wake, wanaongea kwa kupaza sauti, mtaa mwembamba kwa hiyo wanasikizana. Siasa, mpira, nani kafa. Saa moja kasorobo wanaanza kuagana, na kwa namna wazee wanavyoagana wanamaliza saa moja na dakika tano.

Sasa @MamaWaTatu, nilikuahidi.

Nilipoondoka Nairobi nilifunga kibanda na simu 11 za wateja ndani. Nyingine vioo, nyingine chaji, moja imeanguka chooni. Ufunguo uko mfukoni mwangu, Mombasa. Wiki ya pili wateja wakaanza kupiga. Mmoja kila siku, saa nne kamili. Simu yake ndiyo ilikuwa na namba za wateja wake wa mitumba wote, na mitumba yenyewe ilikuwa imepigwa marufuku kuingizwa, kwa hiyo alichobaki nacho ni kudai madeni, na wadaiwa wamo kwenye simu, na simu imo kibandani.

Watu hawapiti, ila mizigo inapita. Malori ya chakula yalikuwa yanaruhusiwa. Nikanunua halua nusu kilo, nikaufunga ufunguo kwa nailoni, nikauzamisha katikati ya halua, nikampa dereva anayepeleka maembe na ndimu Nairobi. Nilimwambia mke wangu kwenye simu, "Halua ikifika usimpe mtoto kabla hujaikata." Ufunguo ulisafiri siku mbili. Mimi nilikaa Mombasa.

Mke wangu hajui kufungua simu, lakini anajua watu. Akaenda Luthuli na daftari la shule, akapanga simu zote mezani, akaniita kwa video, tukawa tunafanya kazi pamoja: mimi namwelekeza, yeye anafungua. Betri alibadilisha nne. Kioo kimoja kilimvunjikia akalia, nikamwambia hata mimi changu cha kwanza kilivunjika. Malipo kwa M-Pesa, chini ya elfu moja walikuwa wameondoa ada, nayo ilitufaa kweli. Pesa ile ndiyo ilimlisha. Kodi ya nyumba mwenye nyumba alikubali nusu nusu.

Halafu ikaja 6 Mei.

Siku moja, tangazo moja. Eastleigh na Mji wa Kale vimefungwa, hakuna kuingia wala kutoka. Katika Kenya nzima, mitaa miwili ile. Mimi niko mmoja, mke wangu na mwanangu wako mwingine. Alinipigia kabla sijampigia, akasema, "Wametujua."

#9 Mlevi_wa_Kahawa

"Wametujua." Nimesoma mara tatu 😂

Mimi nilikuwa Eastleigh wakati huo, hivyo nathibitisha. Maduka yamefungwa, mahoteli yamefungwa, vizuizi kwenye barabara. Nilikuwa nimepanga kufungua duka la pazia mwezi ule ule. Pazia nilizokuwa nazo stoo nilimpa mke, akashona barakoa. Barakoa za maua ya dhahabu, kama wageni wa harusi. Ziliuzika kuliko pazia.

#10 fundi_ghorofani

Mji wa Kale tulifungiwa siku 15, zikaongezwa hadi 6 Juni. Idi ikatukuta humo.

Kilichouma hakikuwa chakula, chakula kilipatikana kwa kubahatisha. Maji. Mji wa Kale maji ya mfereji ni ya kubahatisha tangu zamani, tunanunua mitungi kwa wale wa mikokoteni. Kila redio inasema nawa mikono kwa maji yanayotiririka, na mwenye mkokoteni hawezi kuvuka kizuizi. Bibi akawa ananawisha watu tisa, kila mmoja kopo moja, mwenyewe amekaa mlangoni na kopo kama mtoa hukumu. Ukirudi mara ya pili anauliza, "Umeshika nini?"

Na hapo ndipo shemeji alipookoka. Mtu alikuwa mpishi wa hoteli, kule kwao hoteli zilifunga watalii walipokatika. Wiki zote hizo anaona haya kusema, yeye bwana harusi aingie jikoni kwa wakwe? Siku moja bibi anaumwa magoti, mamangu ana homa (ya kawaida, tulishtuka nusu ya kufa), mimi nimeshindwa na tambi, zimekuwa uji. Akashuka. Akavua saa, akaiweka juu ya friji, akauliza pilipili manga iko wapi. Futari ya siku ile sitaisahau. Bibi alikula kimya, akamaliza, akasema, "Nani amekuna nazi hii?" Mimi. "Na nani amepika?" Kimya. "Basi kila mtu akae na kazi yake."

Tangu siku hiyo mamangu akaanza kumtazama usoni.

#11 khaloo_wa_pili

Niko Muscat, si khale yako lakini nina mpwa aliyeolewa hivyo hivyo mwaka ule. Sisi huku mkoa wa Muscat ulifungwa 10 Aprili. Vitambaa vya khale yako vilifika?

#12 fundi_ghorofani

Vilifika mwaka uliofuata, dada ana mimba ya miezi saba. Hakuna gauni lililomwingia. Alikishona kimoja kikawa nguo za mtoto, vingine vipo sandukuni.

#13 Mgosi_wa_Tanga

Narudi kwa adabu, nilianza kwa utani.

Mimi nina shangazi Vanga, upande wenu, ndugu wa baba. Kutoka kwetu hata saa mbili hazifiki. Alifariki mwisho wa Mei. Mpaka wa nchi zetu, Kenya walikuwa wameshaufunga katikati ya mwezi, inapita mizigo tu. Baba yangu alikwenda hadi mpakani Horohoro akasimama pale. Hakuzozana na mtu. Alisimama, akaangalia upande wa Lunga Lunga, akasoma Fatiha, akarudi na daladala ile ile. Mimi nilikuwa naye. Njiani alisema neno moja tu: "Nimefika karibu."

Kwa hiyo nikisema sisi hatukufungiwa, kuna siku nilifungiwa.

#14 binti_kivukoni

Pole sana kakangu. Mola amrehemu shangazi.

#15 MamaWaTatu

Amin. Mzee wako mpe salamu zetu.

Mleta uzi malizia, ulifikaje kwako?

#16 fundi_ghorofani

Pole Mgosi. Mungu amuweke pema.

Tarehe 7 Julai saa kumi alfajiri ndiyo njia zilifunguliwa. Nilikuwa stendi usiku wa manane wake, ukiukaji wa kafyu, nisameheni. Shemeji na dada waliondoka asubuhi kwenda Malindi. Bibi alimpa sinia ya mbaazi ya njiani, mimi akanipa nazi sita na mbuzi. Mbuzi mwenyewe, wa mninga, anakunjika. Nilimbeba kwapani hadi Nairobi, abiria wanadhani ni kiti cha msikitini. Tikiti yangu ya Aprili ilikataliwa, nikakata nyingine.

Nilifika Eastleigh jioni. Mtoto alinitazama kutoka nyuma ya mguu wa mamake. Kwenye simu tulikuwa marafiki, kila usiku ananibusu kioo. Sasa nimesimama mlangoni mzima, na miguu, akakimbilia chumbani kuitafuta simu anionyeshe babake.

Ilichukua siku mbili. Ya tatu nilikaa chini nikafungua mbuzi, nikaanza kukuna nazi, akaja akakaa mbele ya sinia anakula machicha.

Daftari la mke wangu ninalo bado. Simu 10 zimetiwa alama. Moja haikufuatwa mpaka leo, Tecno ndogo, mwenyewe hakuacha jina, namba aliyoandikisha haipatikani.

#17 Mzushi_Mkuu

Naomba radhi kwa chumvi. Hiyo Tecno ina kava ya kijani? Mimi niliacha simu Luthuli Machi ile, nikakwama Kisii hadi Agosti, nikarudi sikumbuki ni ghorofa gani.

#18 fundi_ghorofani

Kava ni nyeusi. Lakini njoo uitazame, ghorofa ya pili, utaniona nyuma ya mbuzi.